Siku Nne Bila Jina

Nilistaafu mwezi uliopita, na vijana wa kliniki ya macho pale Kitale wameniomba niwaandikie kitu. Nadhani walitaka orodha ya mambo ya kufanya na ya kutofanya. Orodha hiyo iko tayari ukutani, nyuma ya mlango wa chumba cha matone ya macho, na tangu ibandikwe sijamwona hata mmoja wao akiisoma. Kwa hiyo nitaeleza tu jinsi nilivyoifanya kazi yenyewe, na nitakaa zaidi kwenye siku nne ambazo sikuifanya kabisa.

Mimi ni Simoni Barasa, wa Kabuchai. Siku yangu ya kwanza kliniki nilipokelewa na Sista Truphosa, muuguzi wa macho, mwanamke wa Sirisia mwenye mikono mipana iliyozoea jembe. Hakunisalimia kwa muda mrefu. Aliketi kwenye kiti cha mgonjwa, akainua uso kuelekea dirishani, akasema, "Haya, geuza."

"Nigeuze nini, Sista?"

"Kigubiko cha jicho langu. Ukiniumiza mimi, utaumiza kila mtu. Na usitetemeke, bana. Si ni jicho tu?"

Unamwambia mgonjwa atazame chini. Unashika kope za juu kwa kidole gumba na cha shahada, unavuta taratibu, unaweka kijiti juu ya kigubiko, kisha unakigeuza nje kama mtu anayekunja mkono wa shati. Nilimuumiza. Chozi lilimshuka hadi kwenye kola ya sare, naye akasema, "Tena." Nilirudia asubuhi nzima, jicho hili na lile, mpaka yote mawili yakawa mekundu kama ya mlevi. Karibu na saa sita alipepesa, akasema, "Huo sasa ni mkono." Ndiyo sifa pekee niliyowahi kupata kwake, na nilifanya naye kazi miaka mingi.

Ugonjwa wetu mkubwa ulikuwa trakoma. Mnaujua, lakini nawaandikia pia wale ambao hawajafika huko chini kwenye nchi kavu, kaskazini ya Kitale, kwenye vumbi, nzi na maji ya kubebwa mbali. Ugonjwa unakwaruza kigubiko kwa ndani miaka na miaka, kinaingia makovu, kinajikunja, na kope zinageukia ndani. Kila mtu anapopepesa, kope zake mwenyewe zinamkwangua jicho. Upasuaji mdogo unazinyoosha. Kabla ya upasuaji, kuna kibano: unang'oa kope moja moja, na mgonjwa anapumzika kwa wiki chache hadi zimee tena. Sista alinifundisha kwamba kibano kinakaa mfukoni, si sandukuni, kwa sababu sanduku huachwa kwenye gari na gari huachwa ng'ambo ya mto.

Kuna wagonjwa wawili ninaowakumbuka kuliko wengine wa miaka ile. Wa kwanza ni mzee mfugaji tuliyemfanyia upasuaji macho yote mawili. Nilipomtembelea baadaye nikitarajia shukrani, alinikaripia: sasa anaona vizuri jinsi mbuzi wake walivyokonda, na zamani alikuwa na amani. Wa pili ni mama wa Matulo. Nilimpa mafuta ya macho, nikamwambia arudi baada ya wiki mbili. Hakurudi, nami sikumfuata, kwa maana foleni ilikuwa ndefu na nilikuwa na haraka ya kwenda nyumbani. Alikuja mwaka uliofuata, jicho la kulia limeshakuwa jeupe. Hakunilaumu. Aliniuliza tu kama nimekula. Hilo sijalisahau.

Nilikuwa nyumbani Kabuchai kila Jumamosi. Mke wangu, Nasimiyu, alifundisha shule ya msingi, na nilizoea kumwita jina nikiwa bado njiani kati ya mahindi, kabla sijafika mlangoni. Alifariki msimu wa mvua, baada ya ugonjwa wa majuma machache tu. Tulimzika Jumamosi. Jumatano nilikuwa kliniki, nimevaa koti jeupe, nikigeuza vigubiko. Watu walinisifu. "Barasa ni mwanaume," walisema, nami nikakubali sifa hiyo kwa sababu sikuwa na kingine cha kukubali. Tangu siku ile jina lake halikutoka kinywani mwangu. Nikilazimika kumtaja nilisema "marehemu", au "mama Nekesa", kwa jina la binti yetu. Gumboti zake zilibaki mlangoni. Nilizipita.

Mwaka uliofuata, mmoja wa ile miaka ya elfu mbili, nilichaguliwa kwenda Australia kwa mafunzo ya wiki tatu ya wafanyakazi wa macho kutoka nchi kavu. Sista Truphosa alikuwa ameshastaafu. Nilimwendea Sirisia kumuaga, mimi nikiwa na maneno mengi na yeye machache. "Uende," alisema. "Lakini usiguse mgonjwa wa mtu."

Mafunzo yenyewe yalikuwa mafunzo. Kulikuwa na chai nyingi na baridi ya mashine ukumbini. Nilichojifunza kwa mshangao ni kwamba trakoma ilikuwa bado iko katika nchi ile tajiri, huko jangwani, kwa wenyeji wa asili, watu waliokuwa pale kabla ya wageni wote. Muuguzi mmoja, Margie, mama wa makamo mwenye mabaka ya jua mikononi, alikuwa akiwahudumia. Mafunzo yalipokwisha nilibaki na siku kadhaa kabla ya ndege yangu, na Margie akasema, "Twende nikakuonyeshe ninakofanya kazi. Lakini utakuja kama msafiri. Huna leseni ya hapa. Utakaa tu na kutazama."

"Hata hilo naliweza," nilimwambia. Sikujua kama ni kweli.

Ruhusa iliombwa kwa wazee wa mahali pale, ikaja baada ya siku mbili, na tukaondoka alfajiri kwa Landikruza. Vijana, mimi nimeyaona mavumbi mengi, lakini udongo ule ulikuwa mwekundu kama kitu kilichotoka sasa hivi kwenye moto. Majani yalimea kwa mafungu ya mviringo, kama watu waliochutama. Saa zilipita bila nyumba, bila ng'ombe, bila mtu. Mahali fulani nikasinzia, nikaamka, na nje hakuna kilichokuwa kimebadilika, hata nikawaza labda ndiyo kwanza nimesinzia. Njiani tulimchukua Doreen, mhudumu wa afya wa pale, binti wa jamii yenyewe, aliyekuwa akitoka mjini. Aliketi mbele. Kufika mahali fulani aligeuka akaniambia, "Sasa tazama kushoto. Kile kilima cha kulia kina hadithi ya wanawake. Si yako."

Nikatazama kushoto. Hakuniambia ni hadi wapi, nami niliona aibu kuuliza, kwa hiyo nilitazama kushoto hadi shingo ikakakamaa. Nilihisi kilima kile kikipita upande wa pili polepole, kama mtu mkubwa anayepita nyuma ya kiti chako kanisani. Sijui kilifananaje. Ni mojawapo ya vitu ninavyovikumbuka vizuri zaidi.

Hatukuingia moja kwa moja. Margie alisimamisha gari penye pipa lililopakwa rangi, akazima injini, tukasubiri. Kwetu mgeni hupiga hodi. Kule mgeni hukaa aonekane, hadi mwenyeji aamue kumwona. Mzee mmoja alikuja, akazungumza na Doreen kwa lugha yao kwa sauti ya chini. Doreen aliinamisha kichwa. Kisha akaja upande wangu wa dirisha.

"Kuna msiba," alisema. "Mzee wetu mmoja, jana. Unaitwa nani wewe?"

"Simoni."

Yule mzee aligeukia pembeni. Margie akavuta pumzi. Nilidhani nimetukana.

"Hujakosea," Doreen alisema. "Ila hilo ndilo jina lenyewe. Mtu akifa, jina lake linafungwa. Halisemwi, hata miaka. Na kila mwenye jina hilo tunamwita Kunmanara. Ni jina la kushika nafasi tu. Kwa hiyo wewe ni Kunmanara, mpaka utakapoondoka."

"Na nikijisahau?"

"Usijisahau."

Kwa siku nne hakuna aliyeniita Simoni. Mnaweza kudhani ni jambo dogo. Mimi niliamka asubuhi ya pili kwenye kitanda cha kukunja nje ya kliniki yao, anga kubwa ikiwa juu yangu, sauti za mbwa mbali, na kwa kitambo sikujua mimi ni nani. Halikuwa jambo la kuogopesha. Nilijisikia mwepesi, kama mtu aliyetua mzigo ambao hakujua ameubeba.

Nyumba ya marehemu ilikuwa imefungwa, na watu wake walikuwa wamehamia upande wa pili wa makazi, kwenye turubai na vibanda vya matawi. Niliwaona wanawake wakitembea kwa mstari, polepole, wakifagia mchanga kwa matawi ya majani. Nilimuuliza Doreen wanafagia nini, kwa maana sikuona takataka.

"Nyayo zake," alisema.

Walifagia njia ya dukani, njia ya bomba la maji, mbele ya kanisa, kila alipopita. Jua lilikuwa linashuka, vumbi jekundu limesimama hewani hadi magotini mwao, na walionekana kama watu wanaooga mtoni. Nilikuwa na kamera ya kuazima kwenye begi. Haikutoka humo.

Siku ya tatu asubuhi Doreen alimleta kliniki mjane wa marehemu, Nyanya Elsie. Alikuwa mdogo wa umbo, amepaka udongo mweupe kichwani kwa ajili ya maombolezo, na alikuwa ameziba macho yote mawili kwa viganja. Margie alimketisha. Mimi nilikaa kwenye kona yangu ya msafiri. Lakini jicho langu la kazi halikuwa limepewa likizo: alivyofinya uso, alivyokwepa mwanga wa dirisha, nilijua kabla Margie hajawasha tochi. Kope zilikuwa zimegeukia ndani, macho yote mawili. Na alikuwa akilia tangu mumewe alipofariki, akijifuta kwa mkono wenye mchanga, akipepesa, akilia tena.

"Nyanya, hili linahitaji hospitali," Margie alisema. "Ndege inaweza kuja leo mchana. Daktari atazinyoosha."

Elsie alitikisa kichwa. Alisema maneno machache, na Doreen akayatafsiri akitazama sakafu. "Anasema hawezi kuondoka kabla ya mazishi. Na mazishi ni mpaka ndugu wote wafike, labda majuma. Hataki kuona vizuri. Anasema ameshaona vya kutosha. Anataka kumlilia mume wake bila macho kumuuma. Hilo tu."

Miaka yote ile nilikuwa nimewauliza watu wanaona nini, wanasoma herufi gani ukutani. Hakuna aliyewahi kuniambia anataka macho kwa ajili ya kulia.

Mkono wangu ulikuwa tayari mfukoni, umeshika kibano. Margie aliuona.

"Simo—" alianza, akajikata. "Kunmanara. Huruhusiwi. Ukimgusa, wanaweza kunifungia kliniki hii."

"Najua. Wewe umewahi kung'oa kope?"

"Mara moja, chuoni. Mikono yangu siku hizi inatetemeka." Aliinua mkono wake. Ulitetemeka kweli.

Nikamtazama Doreen. "Na wewe?"

"Mimi? Sijawahi hata kushika hicho kitu."

"Leseni unayo?"

"Ya uhudumu, ndiyo. Kung'oa kope kumeandikwa humo. Lakini hakuna aliyenifundisha."

Margie alifikiri. Kisha akaenda kuchemsha kibano, na mimi nikajua amekubali.

Nilisimama nyuma ya Doreen, mikono yangu nimeifunga mgongoni ili isinisaliti, Margie ameshika tochi upande. "Mwambie atazame juu ya bega lako," nilisema. "Usikimbilie. Tafuta moja tu. Umeiona? Ishike chini kabisa, karibu na ngozi, vinginevyo itakatika na kisiki kitamchoma vibaya zaidi. Sasa vuta kufuata upande inakoota, si kinyume."

"Nikimuumiza?"

"Atakuambia. Atakuwa amekaa hapo hapo."

Kope ya kwanza ilitoka nzima. Doreen aliiweka kwenye kipande cha pamba na kuitazama kama mtu aliyechomoa sindano kwenye nyasi. Ya pili ilikatika, na Elsie akasema neno kali ambalo halikuhitaji tafsiri. "Endelea," nikasema. Mara nyingi nilitaka kunyoosha mkono nichukue kibano, nimalize kwa dakika kumi, niwe mtu wa maana. Doreen alichukua karibu saa nzima. Jasho lilimtiririka kidevuni. Alipomaliza jicho la kushoto, Elsie alipepesa mara moja, akasubiri maumivu, hayakuja. Akapepesa tena. Machozi yakaanza kumtoka, mengi, tena taratibu, na safari hii hakuinua mkono kuyafuta.

Alinitazama kwa jicho hilo moja muda mrefu. Akauliza kitu.

"Anauliza ni nani amekufa kwako," Doreen alisema.

"Amejuaje?"

"Usiniulize mimi."

"Mke wangu. Mwaka jana."

Elsie alinyanyua kidole haraka, nisiseme jina. Hakuwa na haja. Kisha akauliza tena, na Doreen akasita kabla ya kutafsiri. "Anauliza kama ulimlilia."

"Nilirudi kazini," nilisema.

Nilipolisema kwa sauti lilikuwa jibu la ajabu. Hata Margie alitazama dirishani. Elsie alisema neno moja na kuinamisha uso ili Doreen aendelee na jicho la pili. Doreen hakulitafsiri neno lile, nami sikumwomba.

Jioni hiyo waliniita nipite kwenye mstari wa rambirambi. Unatembea kutoka mtu hadi mtu, walioketi mchangani, unashika mkono wa kila mmoja, husemi kitu. Nilifika kwa Elsie. Alinishika mkono, hakuuachia. Nikachuchumaa, kisha nikaketi. Kilio chao kilipanda na kushuka kama upepo kwenye mahindi yaliyokomaa, na katikati yake nikasikia sauti ya mwanaume ikilia kwa Kibukusu, lugha ya kwetu Kabuchai. Nilishangaa kuisikia huko. Ilinichukua kitambo kujua ni yangu. Hakuna aliyegeuka kunitazama. Nililia mpaka jua likazama, na jina sikulitaja, kwa heshima ya mahali.

Siku ya kuondoka Doreen alinisindikiza hadi kwenye pipa. "Kwenu jina la aliyekufa linaenda wapi?" aliniuliza.

"Anapewa mtoto anayezaliwa."

Alishtuka. "Linasemwa kila siku? Na linapigiwa kelele, 'njoo ule'?"

"Ndiyo. 'Njoo ule', 'acha kuchezea maji'."

"Mnawezaje?"

"Wengine wanaweza," nilimwambia. Kibano nilikuwa nimemwachia. Sista Truphosa, niliporudi na kumsimulia, alitaka kujua jambo moja tu: je, nilimgusa mgonjwa? Nikasema hapana. "Basi," akasema, akaendelea kuchambua maharage.

Pale kliniki waliniuliza kuhusu kangaruu. Nilimwona mmoja, kando ya barabara, ameshakufa. Walisikitika sana, si kwa ajili ya kangaruu, bali kwa ajili ya safari yangu. Miaka iliyofuata mnaijua, wengi wenu mlikuwepo. Mlinicheka kwa kuwauliza wagonjwa, kabla ya tochi, wanayataka macho ya nini. Andikeni majibu yao kwenye faili, hata kama hakuna nafasi iliyochapishwa. Mmoja atawaambia anataka kutunga uzi kwenye sindano, mwingine anataka kumtambua anayemwibia miwa. Matibabu hayawi yaleyale.

Ila kuna Jumamosi moja hamkuijua, na ndiyo ninayotaka kuwaachia. Ilikuwa miezi michache baada ya safari. Nekesa, binti yetu, alikuwa amejifungua Bungoma, mtoto wa kike, na baada ya siku za kupumzika alikuja kukaa nyumbani Kabuchai. Kabla hajaja alinipigia simu.

"Baba, unajua jina ni lipi. Lakini si lazima. Nilimwambia baba yake mtoto, kama Baba hawezi, tutafute lingine."

"Naye baba yake amesema nini?"

"Amesema tukuulize."

"Mlete kwanza," nilisema.

Jumamosi hiyo nilishuka barabarani nikakata njia ya kati ya mahindi. Yalikuwa yameanza kutoa ndevu, marefu kunizidi, na nyumba haikuonekana bado, ila moshi wa jikoni. Nilisimama. Hakukuwa na mtu wa kunisikia nikishindwa. Nilifungua kinywa mara ya kwanza, ikatoka hewa tu. Mara ya pili nikaita jinsi nilivyoita miaka yote, kwa sauti ya mtu aliyefika na ana njaa.

"Nasimiyu!"

Mahindi yalitulia. Nikasikia mlango wa jikoni ukifunguliwa, na hatua za Nekesa uani. Akajibu kwa niaba ya mtoto, akiniita babu kwa Kibukusu, kwa kile kisauti chembamba ambacho mama huwatolea watoto wasiojua kusema:

"Niko hapa, Kuka. Njoo unione."